Kilichokuwa Kikimkaba Jagi

Hotuba iliyotolewa baada ya chakula cha mchana katika mkutano wetu wa mwaka



Mwenyekiti ameniomba nieleze, kwa nusu saa na kwa lugha isiyo ya hospitali, fedha mlizochanga mwaka 2016 zilikwenda kufanya kazi gani. Mtunza hazina aliwasomea hesabu mwaka ule ule na hakuna aliyelalamika. Lakini wengi wenu mlitoa baada ya kuambiwa maneno mawili matatu tu, kwamba mwenzetu ana uvimbe kooni na anakwenda India. Katika nchi yetu, ukishataja uvimbe kooni watu hawaulizi zaidi. Huinamisha vichwa wakatoa walicho nacho. Najua wapo waliodhani wanachangia mazishi mapema. Leo mchana mmemwona mwenyewe akila ugali na nyama ya mbuzi, tena akaongeza. Ameniruhusu niseme yote, na ameniomba nitumie jina lake la shule, kwa sababu jina lake halisi, anasema, hata ninyi hamlijui.

Basi nitamwita Jagi.

Vijana mliomaliza miaka ya karibuni hamjui jina hilo lilitoka wapi. Mwaka 1980 nilikuwa kidato cha nne, na nilikuwa kiranja wa bwalo. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba meza zimeondolewa vyombo kabla ile rimu ya lori haijagongwa kutuita darasani. Kila siku meza zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa moja. Hapo alikuwa ameketi kijana wa kidato cha pili, tonge mkononi na jagi la maji mbele yake. Anameza tonge, anapiga funda la maji, anasubiri kidogo kama mtu anayesikiliza kitu, kisha anakata tonge jingine. Wenzake wakampa jina. Mimi nikampa adhabu ya kusugua masufuria siku tatu. Nilipomwuliza kwa nini anachelewesha shule nzima alinijibu kwa adabu, "Kaka, chakula kinagoma kushuka." Nikaona huo ni ujeuri, nikaandika jina lake.

Miaka 36 baadaye akanipigia simu. Sauti niliitambua kabla hajajitaja. Alisema kwamba ugali ulikuwa umeshamshinda, sasa na wali unamshinda, na kwamba ndugu zake wameanza kunong'ona. Alikuwa amepungua kilo 9. Alikwisha kwenda kwa mganga wa kienyeji mmoja na kwa wachungaji wawili. Hospitali alikuwa anaiogopa, kwa kuwa baba yake mdogo alikwenda na tatizo hilo hilo akarudishwa nyumbani akafe.

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, kwetu Tanzania, na Malawi hadi Afrika Kusini, ni ukanda ambao saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtu wa makamo akija kwangu akasema chakula kinakwama, tena kinazidi kukwama mwezi hadi mwezi, na nguo zinampwaya, mimi pia huwaza saratani kwanza. Sababu zake ni nyingi na bado zinachunguzwa. Mwaka 2016 huo huo wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, yamkini huchangia. Nawatazama ninyi mnaopenda chai inayochemka. Iacheni ipoe.

Umio ni ule mrija wa misuli unaotoa chakula kooni na kukishusha tumboni. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 25. Sisi hupima kutoka kwenye meno ya mbele: umio huanza karibu na sentimita 15 na kuishia karibu na 40. Unapita katikati ya kifua, nyuma ya njia ya hewa na nyuma ya moyo, na hauna nafasi ya kupoteza. Chochote kinachovimba pale lazima kimsukume jirani.

Sasa rudini nyuma hadi tumboni mwa mama. Katika wiki za mwanzo za mimba, umio na njia ya hewa ni kitu kimoja, kisha hugawanyika. Umio wenyewe, kati ya wiki ya 5 na ya 8, hujaa chembechembe hadi tundu lake hukaribia kuziba. Baadaye hutokea nafasi ndogo ndogo ndani yake, kama matundu katika mkate wa kumimina, na nafasi hizo huungana zikawa tundu moja refu. Mara chache sana nafasi moja hukataa kuungana na wenzake. Hubaki ukutani, imefungwa pande zote, ina utando wake wa ndani na misuli yake yenyewe. Utando huo huendelea kutoa ute, na ute hauna pa kwenda. Hicho ndicho kifuko ninachokizungumzia. Mtu huzaliwa nacho.

Ni kitu adimu. Katika uchunguzi wa maiti hutajwa hesabu ya mtu mmoja katika 8,200. Wanaume huwa nacho mara mbili ya wanawake, na theluthi mbili ya vifuko hivi huwa sehemu ya chini ya umio. Vingi hugunduliwa utotoni, hasa vile vya juu, kwa sababu hubana njia ya hewa na mtoto akahema kwa sauti. Aghalabu mzazi huambiwa ni pumu. Vya chini huweza kukaa kimya miaka mingi. Mwenyewe hujifunza kutafuna sana na kunywa maji kwa kila tonge, na watu humwona ana maringo ya kula. Ndani ya vifuko vingine utando hufanana na ule wa njia ya hewa, una vinywele vidogo, ukumbusho wa zile siku ambazo umio na njia ya hewa vilikuwa kitu kimoja. Vingine vina utando wa tumbo, na hivyo hutoa tindikali, hivyo huweza kujichimba vidonda vikatoa damu.

Kabla sijasema tulivyomtibu Jagi, lazima niwaeleze kwa nini nilikuwa mwoga. Mwenyekiti hakuniomba hili.

Mwaka 1999 nilikuwa daktari bingwa mpya katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa la hospitali, lilikuwa langu. Aliletwa binti wa miaka 27 ambaye chakula kilikuwa kinamkwama. Nilipitisha endoskopi, ule mpira mrefu wenye taa na kioo chake, nikaona ukuta wa umio umetuna kuelekea ndani. Utando wa juu ulikuwa laini, wenye afya, unang'aa. Si sura ya saratani, ambayo kwa kawaida huwa na kidonda na kingo zilizochakaa. Nilipobonyeza kwa ncha ya chombo palibonyea kama puto lenye maji. Nilifurahi. Nilikuwa nimesoma juu ya vifuko hivi na sikuwahi kukiona hata kimoja. Nikachukua sindano ile tunayoitumia kuchoma mishipa ya damu iliyovimba, nikakichoma kifuko, nikavuta. Ukatoka ute mzito wenye rangi ya maziwa. Kifuko kikanywea mbele ya macho yangu, na wauguzi wakanipongeza. Jioni ile binti alikula wali.

Siku ya tatu alipata homa na maumivu ya kifua yaliyopita mgongoni. Nilikuwa nimefungua mlango kati ya umio, mahali palipojaa vijidudu vya mdomoni, na mfuko uliokuwa safi tangu kabla hajazaliwa. Kifuko kiligeuka jipu, jipu likavujia ile nafasi iliyo kati ya mapafu mawili, na usaha ukifika pale watu wengi hufa. Hakufa. Daktari wa upasuaji, mtu aliyenizidi umri na subira, alimfungua kifua usiku, akasafisha, akaondoa kilichobaki. Alikaa wodini wiki 6. Ana kovu linaloanzia chini ya kwapa hadi mgongoni.

Alipokuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani, mama yake alinijia ofisini na jogoo amefungwa miguu, kunishukuru kwa kumwokoa mwanawe. Nilimpokea yule jogoo. Nikasema asante mama. Sikumwambia kwamba ugonjwa uliotaka kumwua binti yake niliuingiza mimi kwa sindano niliyoichoma kwa kiherehere. Nimeyasema haya mbele ya madaktari wenzangu mara nyingi, ili vijana wasirudie. Kwa yule mama sijayasema mpaka leo.

Kwa hiyo Jagi alipolala kitandani pangu mwaka 2016, na mpira wangu ukafika sentimita 33 kutoka kwenye meno, na nikaona tena ukuta umetuna, laini, unang'aa, mkono wangu ulitulia. Muuguzi alikwisha kunyoosha koleo la kuchukulia kinyama. Nikamwambia hapana. Vidonda na vichakavu tunavichukua kinyama, tena vipande kadhaa. Lakini uvimbe uliofunikwa na utando mzima, koleo halifiki ndani. Litang'oa utando wa juu tu, jibu litarudi kwamba hakuna ugonjwa, na pale penye jeraha patafanya kovu litakalomsumbua atakayekuja kutibu. Nikapiga picha nikautoa mpira. Jagi alipozinduka aliuliza, "Ni yenyewe?" Nikamwambia siijui bado, lakini si sura ya ile unayoiogopa. Alilia pale pale, mbele ya mkewe, mtu mzima wa miaka 51.

CT skani ya kifua ilionyesha uvimbe wa sentimita 4 ukutani mwa umio. Aliyeisoma aliandika kwamba yaelekea ni uvimbe wa misuli, ambao ni wa kawaida zaidi kuliko kifuko na si saratani. Simlaumu. Ute ukikaa miaka 50 huwa mzito, na kwenye CT huweza kuonekana kama nyama. Kipimo kinachoamua ni kingine: endoskopi yenye altrasaundi kwenye ncha yake. Badala ya kupima kwa nje ya kifua, mtambo unamezwa, unagusa ukuta wenyewe, na mawimbi ya sauti huonyesha ukuta tabaka kwa tabaka, kama mtu anayehesabu maganda ya kitunguu. Nyama hurudisha mwangwi, maji hayarudishi. Uvimbe wa misuli huonekana wa kijivu, kifuko huonekana cheusi, chenye kingo safi na ukuta wake mwenyewe. Kipimo hicho mimi sikuwa nacho. Hapo ndipo michango yenu ilipoingia, na hapo ndipo mimi na Jagi tulipopanda ndege kwenda Hyderabad.

Nataka mjue kwamba dawa iliyozoeleka ya kifuko kinachosumbua ni kukiondoa chote kwa upasuaji, ama kwa kufungua kifua, ama siku hizi kwa matundu madogo na kamera. Kikiondolewa chote, habari imekwisha. Kama Jagi angekuwa na mapafu mazima ningemshauri hivyo hivyo. Lakini mwaka 1991 aliugua kifua kikuu vibaya, na pafu lake la kulia ni nusu pafu. Kwa upasuaji ule kwa kawaida pafu moja husimamishwa ili madaktari wapate nafasi, mgonjwa akapumua kwa lile jingine. Mtaalamu wa dawa za usingizi aliangalia picha zake akatikisa kichwa.

Ikabaki njia ya ndani. Njia hiyo ina historia ninayoipenda, mniwie radhi. Mwaka 1868 huko Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alitazama ndani ya umio na tumbo la mtu hai kwa bomba la chuma lililonyooka. Mtu aliyekubali kulimeza alikuwa mcheza mazingaombwe wa kumeza panga. Vyombo vilikuwa vya kutisha namna hiyo, au karibu na hivyo, mpaka mwaka 1957, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, Marekani, alipotengeneza mpira unaopinda uliojaa nyuzi nyembamba za kioo. Aliumeza mwenyewe kwanza, ndipo akamwekea mgonjwa. Kwa miaka mingi tulitazama tu. Kisha tukaanza kukata. Mwaka 2008 Haruhiro Inoue huko Yokohama, Japani, alipitisha endoskopi chini ya utando wa umio, ndani ya ukuta wenyewe, akakata misuli iliyokuwa inambana mgonjwa. Miaka michache baadaye, mwaka 2012, madaktari wa Shanghai walieleza jinsi walivyopita katika handaki la namna hiyo kutoa uvimbe mzima. Mtu akishaweza kutembea ndani ya ukuta, kifuko kilichomo ukutani si mbali tena.

Kule Hyderabad niliruhusiwa kusimama chumbani. Altrasaundi ilionyesha weusi mtupu: kifuko. Hakikuungana na tundu la umio, wala hapakuwa na mshipa mkubwa karibu. Daktari, bwana mpole aliyekuwa akiimba chini kwa chini, hakukichoma sindano. Nilipomweleza kisa cha mwaka 1999 aliniangalia, akasema kwamba kisa kama hicho anacho na yeye. Sindano, alisema, hufunga na kufungua kwa wakati mmoja: tundu ni dogo mno kutoa uchafu, ila ni kubwa ya kutosha kuuingiza. Ukiamua kufungua, fungua wazi kabisa.

Ndivyo alivyofanya. Jagi alilazwa usingizi mzito, na bomba likawekwa katika njia yake ya hewa ili ute usije ukamwagikia mapafuni. Alipewa antibayotiki kabla. Umio ulijazwa gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya hewa, kwa kuwa mwili huifyonza upesi hata ikipenya pasipotakiwa. Kisha kikatoka kisu cha umeme, chembamba kama sindano ya kushonea, kikapasua kifuko kwa urefu upande unaotazama ndani ya umio. Ukatoka ute wa kijivu, mzito kama uji wa jana. Niliuona ukivutwa na mashine nikawaza yale matonge yote. Baadaye ule upande wa juu ulikatwa ukaondolewa kabisa, kama unavyoezua paa la kibanda ukaacha kuta na sakafu. Kingo zikachomwa zisitoe damu, na paa likatumwa maabara. Dakika 50.

Siku ya pili alimezeshwa dawa ya kuonekana kwenye eksirei, na haikuvuja. Alipewa maji, kisha uji, kisha vyakula laini kwa wiki mbili. Maabara ilijibu kwamba utando ulikuwa na chembechembe zenye vinywele kama vya njia ya hewa, chini yake misuli laini, na hakuna dalili ya saratani. Hilo la mwisho nililisoma mara tatu kabla ya kumpa simu mkewe.

Sitawadanganya kwamba kazi imekwisha. Sakafu ya kile kibanda bado ipo, na utando wake bado ni ule ule. Waliotibiwa hivi duniani ni wachache, na hawajafuatwa miaka ya kutosha kama waliopasuliwa. Mlango ukijifunga, kifuko huweza kujaa tena. Na saratani ndani ya vifuko hivi, ingawa ni nadra mno, imewahi kuandikwa. Kwa hiyo Jagi hunijia kutazamwa. Nilimwangalia baada ya miezi mitatu, baada ya mwaka mmoja, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili. Mara ya mwisho ilikuwa 2024. Pale palipotuna pamebaki kibonde kidogo, ukipita haraka hukioni.

Kuna waliokwisha kuniuliza chemba leo kama kipimo cha mpira kinaumiza. Kinakera zaidi kuliko kuumiza. Unakaa bila kula saa 6 hadi 8, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, ukitaka unapewa ya kukulegeza, na kwa kutazama tu ni dakika chache. Mwenzetu mmoja, sitamtaja, ameniambia nyama imeanza kumkwama tangu mwezi wa tatu, na akaniuliza kama na yeye huenda ana kifuko. Nimemjibu kwamba huenda, lakini sitakisia mezani. Atakuja Jumatano, bila kula.

Nimalizie deni. Tulipokuwa uwanja wa ndege tunarudi, Jagi alinunua mkate wenye nyama, akaula wote amesimama, bila maji, ananitazama. Kisha akasema, "Kaka kiranja, zile siku tatu." Nilidhani ni mzaha. Lakini asubuhi hii alinipeleka nyuma ya bwalo, akanionyesha kwamba yale masufuria makubwa ya zamani bado yapo, mawili yana kutu, na akazungumza na mpishi bila kunishirikisha. Kesho saa kumi na mbili, kabla ya basi, nitaanza siku ya kwanza. Mbili zilizobaki ameziahirisha hadi mkutano wa mwakani.